Kupima Mshindilio wa Tabaka la Barabara kwa Kifaa cha Nyuklia

Kifaa hiki hubeba vyanzo viwili vya mionzi: seziamu-137 kwenye ncha ya fimbo, ambayo hutoa mionzi ya gama ya kupimia msongamano, na amerisiamu-241 iliyochanganywa na beriliamu, ambayo hutoa nyutroni za kupimia unyevu. Kwa Tanzania, umiliki na matumizi yake huhitaji leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki, na mpimaji huvaa beji yake ya mionzi muda wote wa kazi.

Hatua ya kwanza. Asubuhi, weka kifaa juu ya kipande chake cha rejea (cha kulinganishia hesabu za kila siku), mbali na magari na kuta, kisha kiache kihesabu mionzi kwa dakika 4. Hesabu ikitofautiana mno na za siku zilizotangulia, usianze kazi.

Hatua ya pili. Hapa ndipo vipimo vingi huharibikia. Kwangua kokoto zilizolegea, sawazisha kwa bati, na uzibe vishimo kwa chembe laini za kifusi hichohicho bila kuongeza tabaka jipya. Kifaa kikikaa juu ya uwazi wa hewa, gama nyingi zaidi hufikia vihesabio (sehemu zake zinazopokea na kuhesabu mionzi), nacho husoma msongamano mdogo kuliko ulivyo. Hapo mkandarasi hurudisha rola kushindilia tena bure.

Hatua ya tatu. Pigilia chuma cha kutobolea kikiwa wima, kipite kina cha kipimo kwa milimita 50, na ukitoe kwa kukizungusha. Shusha fimbo, vuta kifaa taratibu hadi fimbo iguse ukuta wa tundu ulio upande wa vihesabio, anzisha hesabu ya dakika 1, kisha sogea mbali.

Hatua ya nne. Tuseme umepata msongamano wa kilo 2,142 kwa mita ya ujazo, na maji kilo 162. Msongamano mkavu ni 1,980. Ukiugawanya kwa msongamano mkavu wa juu kabisa uliopatikana maabara kwa kifusi hicho, mathalani 2,050, mshindilio ni asilimia 96.6. Hata hivyo, nyutroni hupunguzwa kasi na haidrojeni yoyote, si ya maji pekee, hivyo udongo wenye mabaki ya mimea au lami husomeka una unyevu zaidi. Kausha sampuli kwenye tanuri ulinganishe.

Ukimaliza, rudisha fimbo, hakikisha kwa kipima mionzi kwamba chanzo kimefunikwa, ufunge kufuli. Usikiache kifaa barabarani hata dakika moja: rola ikikikanyaga, isimamishe ilipo bila kuisogeza, zuia watu wasikaribie, na umwite msimamizi wa usalama wa mionzi.