Kukitembeza polepole kichwa cha kupangia mabehewa kwenye reli ya mfano

Kazi ya kichwa cha treni cha kupangia mabehewa, kama EMD SW1500 kilichoundwa Marekani kati ya 1966 na 1974, ni kusogeza mabehewa yadini, yaani kwenye uwanja wa kupangia treni, kwa mwendo wa mtu anayetembea au zaidi kidogo, na mfano wake ukishindwa kutambaa hivyo haunifurahishi hata ukipakwa rangi kwa ustadi wa namna gani. Katika kipimo cha HO, yaani 1:87, mwendo wa kilomita 8 kwa saa unataka mfano uchukue takriban sekunde 39 kumaliza mita moja ya reli. Pima mita hiyo, shika saa, uandike muda unaoupata leo kabla hujagusa chochote.

Wengi hukimbilia namba za dekoda, yaani kifaa kidogo cha kielektroniki ndani ya kichwa kinachopokea amri na kuiendesha mota. Mimi nashauri uanze na uchafu, kwa sababu kichwa kifupi chenye magurudumu manane hakina mengine ya kukisaidia kupokea umeme: mawili matatu yakikosa kugusa reli sawasawa, mota hukatikiwa, na kwa mwendo mdogo hakuna kasi ya kukivusha mahali hapo. Lowesha kidogo karatasi ya jikoni kwa alkoholi ya isopropili, mbali na moto, uitandaze juu ya reli. Bogi moja, yaani fremu yenye magurudumu manne, likae juu ya karatasi na jingine juu ya reli kavu, kisha ukishikilie kichwa kwa vidole huku ukifungua umeme taratibu. Magurudumu yatazunguka palepale na kuchora mistari miwili myeusi. Sogeza karatasi mpaka mistari ififie, halafu ugeuze kichwa na kusafisha bogi la pili.

Tazama pia vile vibamba vyembamba vya shaba vinavyogusa magurudumu kwa ndani. Niliwahi kumaliza jioni mbili nikibadilisha namba, kumbe kibamba kimoja kilikuwa kimepinda na kuachana na gurudumu kwa nafasi ya unywele tu.

Grisi iliyoganda kwenye gia ioshwe yote, na mahali pake uweke tone moja la mafuta yasiyodhuru plastiki. Baada ya hapo kiendeshe bila mzigo nusu saa mbele na nusu saa nyuma.

Sasa ndipo dekoda ina maana. Namba zake za mipangilio huitwa CV. Weka CV3 na CV4, za kuongeza na kupunguza mwendo taratibu, kwenye 0 ili kichwa kitii mkono wako mara moja, kisha upandishe CV2, ya nguvu ya kuanzia, namba moja moja hadi kianze kusogea kwenye hatua ya kwanza ya mwendo kati ya 128. Shusha CV5, ya kasi ya juu kabisa, kwani yadini hakuna haja ya mbio, ndipo urudishe CV3 na CV4.

Kikizimika juu ya swichi ya reli, yaani mahali njia zinapogawanyika, yenye plastiki katikati, tatizo ni swichi: tumia yenye chuma kinachopitisha umeme, au ufunge kwenye dekoda kapasita ya akiba, inayohifadhi umeme kidogo. Kisha pima tena mita ile, mbele na nyuma, ukikokota mabehewa matano.