Microcoelia: okidi isiyo na majani, usije ukaitupa

Ukiletewa Microcoelia mara ya kwanza utadhani umepigwa, maana unaona kijiti na fungu la mizizi ya kijivu iliyosokotana, jani hata moja hakuna. Haijafa hiyo. Ziko aina kama 30 hivi, Afrika na Madagaska, na zote kazi ya majani inafanywa na mizizi. Irushie maji uone, ule ukijivu unageuka kijani hapohapo, ni klorofili inaonekana kupitia ganda la sponji lililolowa.

Sasa usiipande kwenye chungu. Mi ya kwanza niliitia kwenye kopo na udongo mzuri wenye samadi nikajiona fundi, baada ya wiki tatu nakuta uji unaonuka. Ukiifukia mizizi umeinyima mwanga na hewa, itakula wapi?

Tafuta kipande cha tawi chenye gome gumu la kukwaruza, mwembe poa, mpera hapana kwa sababu gome lake linabanduka. Kata soksi ya nailoni vipande vyembamba, funga pale katikati kwenye kishina, mizizi iache huru. Kama imekuja imeng'ang'ania kijiti chake usiibandue, utaikata mizizi bure, funga kijiti na kila kitu juu ya tawi jipya.

Itundike barazani au chini ya mti, penye mwanga wa kuchujwa na upepo unapita. Asubuhi pulizia maji mpaka iwe kijani yote, na kabla ya jioni iwe imerudi kijivu, ikilala kijani ujue hewa haitoshi hapo na muda si mrefu itaoza, ihamishe. Maji ya mvua ndo yenyewe, ya kisima cha chumvi yataiunguza. Mbolea ya maji robo ya kipimo, kila wiki mbili, yatosha.

Ya kubandua msituni achana nayo, nunua kwa anayeotesha, na ukitaka kuvuka nayo mpaka utadaiwa kibali cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kama okidi nyingine zote.

Ukiwa na Microcoelia exilis, ambayo Kenya na Tanzania ipo, itatoa vikonyo vyembamba kama uzi vyenye maua meupe madogo kama punje za ulezi, weka karatasi nyeusi nyuma yake ndo utayaona.