Bunduki ya upepo ya bei nafuu inapokataa kulisha gololi

Kabla hujashika bisibisi, jibu swali moja: gololi imeishia wapi? Watu wanaoniletea bunduki zao huniambia "imekufa" au "haipigi", na ukiwauliza gololi imefika wapi wanakutazama kana kwamba umewauliza bei ya mkonge ya mwaka juzi. Ukishajua ilipoishia, robo tatu ya ufundi umeshaumaliza, na mara nyingi hata skrubu moja hutaifungua.

Nazungumzia zile bunduki za kupampu kwa mkono ambazo sisi tulioko Marekani tunazikuta Walmart na kwenye maduka ya vifaa vya shamba, kaliba ya milimita 4.5, hapa huandikwa .177 kwa inchi. Zinatumia gololi za chuma na pia peleti za risasi, yaani yale madini laini na mazito. Crosman 760 iliyotoka mwaka 1966 na Daisy 880 ya mwaka 1972 ndizo wazee wa ukoo huu, na nyingi zilizofuata zimeiga mtindo uleule. Mimi nilikuwa fundi cherehani Makorora, Tanga. Sasa niko Iowa, na kwa sababu jamaa wa hapa, Wakongo, Warundi na Wakenya, wamesikia kwamba kuna mzee mwenye bisibisi ndogondogo, kila kitu chenye springi huishia mezani kwangu.

Jambo la kwanza ni la usalama, na silisemi kwa kutimiza wajibu. Bunduki isiyolisha vizuri ni hatari kuliko inayolisha. Umefyatua, imetoka "pfuu" tupu, umefyatua tena, tupu. Unaamini imeisha. Kumbe gololi iliyokuwa imenasa tangini, zinapohifadhiwa gololi, imeteleza ulipoigeuza bunduki, ikaingia kwenye foleni ya kulishwa, na ukivuta bolti, kile kipini cha kupakia, mara moja zaidi inapakiwa. Kwa hiyo ihesabu kuwa imejaa muda wote. Mdomo wa mtutu uelekee mahali salama, kitufe cha usalama kiwe kimefungwa, kidole nje ya triga, miwani ya kinga machoni, na mtoto asiwe mbele ya meza. Usichungulie mtutu kwa mbele, hata kidogo. Na usipampu wakati unachunguza, kwa sababu majaribio karibu yote ninayoyaeleza hapa hayahitaji hewa.

Njia inayopita gololi ni fupi. Unaimimina tangini kupitia kitundu cha ubavuni. Crosman 760 inameza kama 200 tangini, lakini zinazokaa foleni tayari kulishwa ni 18 tu, kwenye mfereji unaouona kwa nje. Daisy 880 hubeba 50. Kutoka tangini hadi kwenye foleni gololi hushuka kwa uzito wake: unaelekeza mdomo wa mtutu chini, unaizungusha na kuitikisa. Kisha unavuta bolti nyuma, na kwenye ncha ya bolti kuna sumaku ndogo. Gololi ya kwanza kwenye foleni inarukia sumaku, unasukuma bolti mbele, gololi inaingia mwanzo wa mtutu. Basi. Vituo vinne: tangi, foleni, sumaku, mtutu.

Jaribio langu la kwanza ni hili. Hakikisha hakuna hewa iliyopampiwa ndani. Weka gololi chache tu, tano au sita, hadi uzione kwenye foleni. Vuta bolti nyuma mpaka mwisho, kweli mpaka mwisho, kisha tazama kwenye kile kidirisha cha ubavuni ambacho hutumika kuwekea peleti. Unapaswa kuiona gololi imeganda kwenye ncha ya bolti. Ukiiona, tangi na foleni viko salama na tatizo liko mbele. Usipoiona, na foleni ina gololi, tatizo ni sumaku au gololi zenyewe. Foleni ikiwa tupu huku tangi likiwa na mzigo, rudi nyuma kwenye tangi. Watu wengi huvuta bolti nusu, kwa woga wa kuivunja. Plastiki ya bunduki hizi inanesa kidogo mkononi, hivyo unadhani umefika kumbe bado. Vuta kwa uthabiti, bila pupa.

Gololi zenyewe ndizo ninazozishuku kabla ya kitu kingine, na hapa nitakaa kidogo. Gololi sahihi ni ya chuma, imepakwa shaba au zinki kwa juu ili isishike kutu, na kipenyo chake ni kati ya milimita 4.3 na 4.4. Ni ndogo kidogo kuliko mtutu, imekusudiwa hivyo. Shemeji yangu mmoja alikuja na bunduki mpya ndani ya mfuko wa plastiki, imefumuliwa, skrubu zimo kwenye kopo la mtindi. Alikuwa ameshaikatia tamaa. Nikamwomba anipe gololi anazotumia, nikazigusisha sumaku ya mlango wa friji. Hazikushika. Alinunua gololi za risasi zilizopakwa shaba, rangi ileile, ukubwa unaoelekeana, ila ni nzito zaidi na sumaku haizioni kabisa. Zinauzwa kihalali na zina kazi yake, hasa kwa kuwa haziruki nyuma kwa nguvu kama za chuma, lakini kwenye bolti ya sumaku hazitalishwa hata umwombee dua. Kuirudishia ile bunduki skrubu zake kulichukua jioni nzima; kugundua kosa kulichukua muda wa kufungua friji. Fanya jaribio la sumaku kwanza.

Kosa la pili la gololi ni kuziokota zilizokwisha pigwa. Najua, zinaonekana nzima, na kwetu tumelelewa kutotupa kitu. Lakini iliyogonga kitu kigumu ina ubapa ambao jicho halioni, na imebeba vumbi. Zibiringishe juu ya kioo kilichoinama kidogo: nzima inashuka moja kwa moja, iliyobonyea inayumba. Yenye ubapa itasimama mferejini na kuzuia nyingine zote nyuma yake, au, mbaya zaidi, itakwama mtutuni. Za kutu vilevile, tupa. Chupa nzima ya gololi mpya ni bei ya chakula cha mchana.

Tukirudi kwenye tangi: usilijaze. Kiwanda kinasema linabeba kiasi fulani, sawa, lakini gololi nyingi zikisukumana kwenye shingo nyembamba hushikana zenyewe kwa zenyewe zikafanya upinde, na upinde ule hauanguki kwa kutikisa taratibu. Mimi huweka robo ya tangi, na kelele za kukwama hupungua mara moja. Zikishakwama, usipige kitako mezani. Geuza mdomo wa mtutu juu zirudi zote nyuma, upinde uvunjike, kisha ushushe mdomo chini tena huku ukizungusha bunduki kwenye mhimili wake, kushoto na kulia. Bunduki nyingi zina kitelezi kidogo cha plastiki kinachofungua au kuzuia foleni. Hakikisha kiko upande wa kufungua wakati wa kujaza na kimerudi mahali pake wakati wa kupiga. Kama kimepasuka, hiyo ni sehemu ya kununua, gundi haitadumu.

Na tafadhali, mafuta yasiingie tangini. Kila mtu akiona kitu kimekwama anaenda kutafuta mafuta. Gololi iliyolowa inashikamana na jirani yake na inazoa vumbi na nyuzi za mfuko wa suruali. Ikishatokea, mwaga zote, zikaushe kwa kitambaa, na futa mfereji kwa pamba ya masikio iliyo kavu. Kama uchafu umeganda, pamba yenye spiriti kidogo inatosha, kisha acha ikauke.

Sumaku nayo inataka usafi. Ni ndogo, na kazi yake inaifanya inase kila chembe ya chuma inayopita: unga mweusi, vijipande vya kutu, ukoko wa shaba. Safu hiyo ikizidi, gololi haikai katikati ya ncha. Inakaa pembeni, na bolti ikienda mbele inaibana kwenye ukingo wa mtutu. Utaihisi: bolti inagoma karibu na mwisho. Usiilazimishe. Irudishe nyuma, gololi itarudi nayo au itaangukia kwenye kidirisha, itoe, safisha ncha kwa pamba au kwa kipande cha utepe wa kunata, ambao unaung'oa unga wa chuma vizuri kuliko kitambaa. Ukiona gololi mbili zinatoka pamoja, tazama kwanza kama hukuvuta bolti mara mbili. Ndiyo sababu ya kawaida: mtu amepakia, akasahau, akavuta tena.

Kuna hali nyingine inayofanana na kutolisha, ilhali bunduki imelisha. Jaribio la bolti limeonyesha gololi, umesukuma mbele, umepampu, umepiga, hakuna tundu. Gololi hizi ni nyembamba kuliko mtutu, na kinachoishikilia ni ile sumaku tu. Ukielekeza mdomo chini na kuitingisha, au bolti haikufika mbele kabisa, inaweza kuteleza na kudondoka kabla hujafyatua. Sikio litakudanganya hapa. Ning'iniza karatasi ya gazeti mbele ya boksi la katoni lililojazwa matambara na upige kwa umbali mfupi: karatasi itakuambia kama kuna kilichotoka. Usitumie bati, jiwe wala shina la mti kama kizuizi, kwa sababu gololi ya chuma inarudi ilikotoka.

Peleti ni habari tofauti. Hapa mashine haina kosa. Vidole vyetu ndivyo vinene. Kidirisha ni kidogo, peleti ina kichwa na sketi, yaani upande wa nyuma uliotanuka, nayo hupenda kugeuka nyuma mbele ikiwa bado haijakaa. Elekeza mdomo wa mtutu chini kidogo, lete peleti kwa kibano cha plastiki, kichwa kikitangulia, kisha isindikize kwa bolti polepole. Peleti ndefu zilizochongoka huwa zinakwaruza ukingo. Za kichwa bapa au cha mviringo, fupi, hazisumbui. Peleti yenye sketi iliyobonyea, usiipakie, iweke kando. Crosman 760 ina kibanio cha peleti tano ambacho unakisogeza mwenyewe kwa kidole, na kila tundu lina mahali pake pa kubofya; ukikiacha katikati ya matundu mawili, bolti inaweza kuibana peleti na kuiharibu. Na kabla ya kutumia peleti, ondoa gololi zote kwenye foleni au uzifungie kwa kitelezi. Gololi ikikamatwa na sumaku nyuma ya peleti, unasukuma vitu viwili kwenye tundu la kimoja. Ukimaliza, nawa mikono. Ni risasi ile, sumu, usile nayo chapati.

Kitu kikikwama mtutuni, usiweke kingine nyuma yake ukitumaini kitasukumwa. Kitaongezeka tu. Elekeza mdomo mahali salama, usipakie kitu, na kama tayari ina hewa, ifyatue kwenye boksi la matambara. Ikishindikana, fungua bolti nyuma kabisa, hakikisha hakuna hewa iliyobaki, kisha pitisha ufito wa mbao au wa shaba kutoka mdomoni ukisukuma kurudi kwenye kidirisha, mikono yako ikiwa kando ya mdomo na si mbele yake. Ufito wa chuma kigumu utakwaruza mtutu. Kukwama kwa peleti kunatokea zaidi kwa wanaopampu mara moja au mbili kwa uvivu. Kwenye 760 kiwango ni kuanzia mara 3, na mwisho ni 10. Kuzidisha kumi hakuongezi kitu ila kuchosha vali na mkono wa pampu.

Upande wa hewa sitauingia sana. Bolti ikiwa na oringi, ile pete ya mpira ya kuziba hewa, iliyochanika, gololi itatoka kwa unyonge na utadhani haikulishwa. Itazame kwa tochi. Ikiwa imekatika, agiza ya kipimo kile kile.

Kuhusu mahali pa kupigia: sheria ya taifa ya Marekani haizihesabu hizi kama silaha za moto, lakini New Jersey inazihesabu, na miji mingi inakataza kupiga ndani ya mipaka yake hata uani kwako. Uliza ofisi ya mji kabla ya jirani kuita polisi. Anayefikiria kumtumia mdogo wake moja Tanga au Kisumu aulize polisi wa kule kwanza, kabla ya kulipia kontena.

Ukiwa umepita vituo vyote vinne na bado inagoma, angalia tarehe kwenye risiti. Ikiwa iko ndani ya dhamana, usifungue mwili wake. Ukishazitoa zile skrubu, utapata shida kuwashawishi. Ikiwa imepitwa, piga picha kwa simu kila hatua kabla ya kutoa kipande, hasa upande wa kitelezi, maana kuna springi nyembamba pale ambayo ikiruka kwenye zulia utaisaka mpaka Idi.