Likizo ya ufukweni Unguja na watoto: tazama mwezi kabla ya kulipia chumba

Familia nyingi kutoka bara hukata tiketi, hulipia chumba, kisha asubuhi ya kwanza wakishuka ufukweni Jambiani au Paje hawaioni bahari. Mtoto ameshavaa nguo ya kuogelea, ndoo iko mkononi, na mbele yake ni mchanga mtupu, vidimbwi, na kina mama wanaolima mwani wameinama mbali huko. Bahari ipo, ila imepwa hadi karibu na mwamba, kilomita moja na zaidi, na hairudi mpaka alasiri.

Kazi yangu ni kupokea familia upande wa mashariki wa Unguja. Ninaloulizwa kila siku ni moja: maji yanarudi saa ngapi? Jibu unaweza kulipata ukiwa bado nyumbani kwako Dodoma au Nairobi, na ndilo linalopaswa kupanga safari nzima.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa mwezi

Chukua kalenda yenye tarehe za Kiislamu, ile ya ukutani inatosha. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kuanzia tarehe 1 hadi 4 hivi na 15 hadi 18, ni siku za bamvu. Maji hujaa sana na kupwa sana. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hufikia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, karibu na tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 25, ni maji mafu. Hapo bahari haiendi mbali wala hairudi kwa nguvu.

Sasa saa. Hapa Unguja siku za bamvu maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa 4 asubuhi. Kila siku inayofuata, ongeza wastani wa dakika 50. Baada ya wiki mambo yamegeuka: maji yanajaa karibu na saa 4 asubuhi. Hesabu hii ni ya makadirio tu. Saa kamili utaipata kwenye jedwali la maji kujaa na kupwa, nalo lipo bure kwenye simu. Tafuta la Zanzibar.

Ukiwa na watoto wa chini ya miaka minane, lenga maji mafu. Wataingia majini saa 2 asubuhi kabla jua halijawa kali, na saa 5 wako kivulini wanakula embe. Bamvu liache kwa wenye watoto wakubwa wanaopenda kutembea juu ya mchanga na kutazama viumbe, maana muda wa kuogelea utakuwa kuanzia saa 8 mchana mpaka machweo, na saa ya kwanza ya hapo jua bado linachoma.

Likizo za shule hazimsubiri mwezi, najua. Lakini ndani ya likizo ya wiki tatu au nne daima kuna siku za maji mafu. Sogeza safari siku nne mbele au nyuma, utaona tofauti.

Hatua ya 2: Chagua ufukwe kwa upepo

Juni mpaka Septemba ni kusi. Upepo unatoka kusini mashariki na kuupiga upande wa mashariki wote: Matemwe, Kiwengwa, Paje, Jambiani. Wanaocheza na tiara majini wanafurahi. Mtoto wa miaka mitatu anakula mchanga. Likizo ya Juni, kama kuogelea ndiyo shabaha, nenda Kendwa. Ufukwe wake unatazama magharibi, umejikinga na kusi, na maji hayaendi mbali hata siku za bamvu. Nungwi pia maji yanabaki, ila kaa mbali na ncha ya rasi, kwa sababu mkondo pale unavuta.

Desemba mpaka Machi mwanzoni ni kaskazi: joto kali, bahari ya vuguvugu. Hapo mashariki panafaa, ukiwa umepanga kwa maji mafu. Masika ya Machi mwishoni mpaka Mei bei hushuka, na wengine hushawishika. Kwangu mimi mvua ya siku tatu mfululizo ndani ya chumba kimoja na watoto wawili si nafuu.

Ramadhani angalia pia. Mchana migahawa mingi nje ya hoteli hufungwa, na watoto wasiofunga hula ndani, si njiani. Kwa upande mwingine, futari ya mtaani usiku ni karamu ambayo miezi mingine huipati.

Hatua ya 3: Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Piga simu, usitume ujumbe tu. Sauti ya anayejibu inakwambia mengi.

Uliza kwanza kama kuna bwawa la kuogelea na kama lina uzio na lango linalofungwa. Wazazi huogopa bahari, na huku bwawa lisilo na uzio liko hatua tano kutoka mlango wa chumba. Mtoto akiamka wewe umelala, ataanza na lililo karibu. Kama hakuna uzio na una mtoto wa miaka miwili, tafuta nyumba nyingine.

Uliza maji ya bomba yanatoka wapi. Vijiji vingi vya mashariki visima vyake vina chumvichumvi. Kuoga sawa, kuchanganyia maziwa ya mtoto hapana. Nunua maji ya dumu. Halafu uliza vyandarua vya vitanda vya watoto, kama jenereta inaendesha feni umeme ukikatika, na kama jikoni watakupikia wali na samaki wa kuchoma kwa bei ya nyumbani badala ya ile ya menyu. Mara nyingi watakubali, ukiomba asubuhi.

Hatua ya 4: Begi

Viatu vya plastiki, yale ya yeboyebo yenye mkanda wa nyuma, kila mtu jozi yake. Ndivyo vya kwanza kuingia. Fulana za mikono mirefu za kuogea nazo: zinakinga jua kuliko losheni ambayo baada ya kutumbukia mara mbili imeondoka. Kofia za kufunga kidevuni. Kanga mbili au tatu. Kanga ni taulo, pazia, kivuli, blanketi la botini na nguo ya kujisitiri ukipita kijijini. Vijiji vya ufukweni ni vya watu wenye staha zao, na kupita madukani na nguo ya kuogelea ni kuwavunjia heshima hata kama hakuna atakayekwambia.

Chumvi na sukari za kurudishia maji mwilini, zile za pakiti. Dawa ya homa ya watoto. Tochi. Mifuko ya plastiki usibebe. Zanzibar imeipiga marufuku zamani, na Tanzania bara tangu Juni 2019.

Watanzania mbebe vitambulisho, na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Wageni kutoka nje ya Tanzania wanatakiwa kuwa na bima ya safari ya Zanzibar, inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar tangu Oktoba 2024. Ikateni kabla ya kufika, msije mkasimama foleni na mtoto analia.

Hatua ya 5: Kuvuka

Boti ya mwendo kasi kutoka Dar ni kama saa mbili. Wape watoto chai ya tangawizi na mkate mkavu, si chipsi mayai. Kaeni sitaha ya chini, katikati au nyuma, ambako mtikisiko ni mdogo. Simu na katuni zifungiwe mpaka mfike. Hakuna kinachomtapisha mtoto haraka kama kuinamia kioo mawimbi yakiwa yanapanda.

Ukishuka bandarini, papasi, yaani madalali wa watalii, watakupokea kwa bashasha. Wengine ni watu wema wenye gari zima, ila patana bei kabla begi halijaingia butini. Daladala za Nungwi na Jambiani zipo na ni rahisi, lakini ukiwa na mabegi na mtoto aliyetoka kutapika, lipia gari. Kwenda Paje au Jambiani mwambie dereva asimame msitu wa Jozani, uko njiani hapohapo. Kima punju, ambao duniani kote wako Unguja tu kwa asili yao, hukaa karibu na njia bila woga. Ficha ndizi, na watoto wasiwaguse.

Hatua ya 6: Ndani ya maji

Kanuni yangu ni ya mkono. Asiyejua kuogelea awe mahali ambapo ukinyoosha mkono unamshika, hata kama maji yanamfika magotini. Mpeane zamu kwa kutamka: "Sasa hivi ni wewe." Watu wazima sita ufukweni bila zamu ni sawa na hakuna anayetazama.

Maboya ya kuvaa mikononi ni ya kuchezea. Kwa ngalawa au boti, dai jaketi la kujiokolea la saizi ya mtoto, na ulijaribu nchi kavu: mfunge mikanda yote, kisha mnyanyue kwa mabega ya jaketi. Likipanda mpaka masikioni au kidevu kikazama ndani, ni kubwa. Nahodha akisema "hilohilo linatosha", mshukuru na urudi kwenye mchanga.

Safari za kufukuza pomboo Kizimkazi mimi siwashauri wenye watoto wadogo. Boti nyingi, bahari wazi, na wanyama wenyewe hawapewi nafasi ya kupumua. Kisiwa cha Changuu kinafaa zaidi: safari fupi ya boti kutoka Zanzibar Mjini, na kobe wakubwa ambao ukoo wao uliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919.

Hatua ya 7: Maji yakipwa

Hapa ndipo watoto ninaowapokea mashariki hufurahi kuliko bwawani. Vaeni viatu, chukueni fimbo, tembeeni mchangani kuelekea mwamba. Mtaona kiti cha pwani, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, kaa wadogo wanaokimbia upandeupande, matango-bahari yamelala kama soksi zilizosahaulika, na wale weusi wenye miiba mirefu ambao mguu mtupu hauwasamehe. Kutazama tu, kiti cha pwani kikitolewa majini kupigwa picha kinaweza kufa.

Mashamba ya mwani yana wenyewe. Ukiona vigingi na kamba, zunguka. Kilimo hiki kilianza hapa kibiashara mwaka 1989, na kina mama wanaokifanya wanafunga shada mojamoja kwa mkono. Ukiwasalimu vizuri, "Shikamoo bibi", mara nyingi watamwita mtoto aone wanavyofunga.

Na hao kina mama ndio saa yako. Wakianza kubeba magunia kurudi, nanyi geukeni, msingoje kuona wimbi. Maji yanaporudi hayaji kama ukuta kutoka mbele. Huingia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yenu, kati ya fungu la mchanga na pwani. Mtu anaweza kusimama pakavu huku njia ya kurudi tayari inamfika mtoto kifuani.

Hatua ya 8: Akichomwa

Konyeza, yule kiumbe laini kama jeli mwenye nyuzi zinazochoma: osha kwa maji ya bahari, si ya bomba, na usisugue kwa mchanga. Ondoa nyuzi zilizobaki kwa kadi au kijiti. Kisha maji ya moto anayoyavumilia, uyapime kwanza kwa mkono wako, kwa nusu saa hivi. Mwiba wa mguuni: maji ya moto vilevile, toa unaoshikika kwa kibanio, usichimbe uliozama. Akishindwa kupumua vizuri, akitapika au uvimbe ukipanda, hospitali mara moja.

Hatua ya 9: Jioni ya Mjini na kurudi

Usiku wa mwisho lala Mjini, si ufukweni, ili asubuhi usikimbizane na barabara. Jioni nendeni Forodhani, bustani ya pwani yenye vyakula vya usiku. Watoto wale kinachotoka motoni mbele ya macho yenu, mishikaki au ile pizza ya Zanzibar ya mayai na nyama. Urojo, ule mchuzi mzito wa Zanzibar, uombe bila pilipili, na juisi yenye barafu iruke.

Nguo zilizolowa zifunge ndani ya kanga kuukuu, mbali na nguo kavu. Fika bandarini mapema, chagua tena viti vya chini nyuma, na tangawizi isiishe kwenye chupa: kipindi cha kusi, boti ikielekea Dar huukabili upepo, na safari ya kurudi hutikisa kuliko ya kuja.