Kabla Hujaleta Nyoka Mkubwa: Mambo ya Kuzingatia kwa Aliyezoea Wadogo

Mtu aliyefuga nyoka wa mahindi, yule mdogo asiye na sumu, kwa miaka kadhaa hufika mahali akaona kazi imekuwa nyepesi. Nyoka anakula bila shida, anajivua gamba vizuri, anatulia mkononi. Hapo macho huanza kuhamia kwa boa na chatu, nyoka wanaoua mawindo kwa kuyabana. Hamu hiyo haina ubaya, ila ujuzi ulioupata hautoshi wote kwa mnyama mpya. Kupima joto na unyevu, kutambua dalili za ugonjwa, kujua nyoka amechoka kushikwa: hayo unayo tayari. Usichonacho tena ni nafasi ya kukosea. Nyoka wa mahindi mzima huwa na sentimita 90 hadi 150 na kwa kawaida hafiki kilo moja. Ukisahau kunawa harufu ya panya mikononi, atakuuma, utacheka, na habari itaishia hapo. Nyoka wa mita tatu si mkali zaidi kwa sababu ya urefu wake, lakini kosa lile lile kwake linaweza kukupeleka hospitali.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kumpangia nyoka mzima, wala si yule mtoto anayeenea kiganjani siku ya kununua. Chatu wa Burma, Python bivittatus, huanguliwa akiwa na takriban nusu mita, na akilishwa vizuri hukua kwa kasi mno. Jike mzima hufika mita tatu hadi tano na uzito wa makumi ya kilo. Kuna imani isiyokufa kwamba nyoka hukua kulingana na ukubwa wa kizimba. Si kweli. Kizimba kidogo hakizuii kukua. Aliyedumaa humo, mara nyingi ni kwa njaa au maradhi.

Tena "mkubwa" si saizi moja. Boa imperator kwa kawaida huwa kati ya mita moja na nusu na mbili na nusu, na dume hubaki upande wa chini wa kipimo hicho. Kwa boa na chatu wengi jike ndiye mkubwa, hivyo kuchagua dume ni njia rahisi ya kupunguza kilo kadhaa bila kubadili aina. Chatu Morelia spilota wa Australia na New Guinea ana urefu unaokaribiana na wa boa huyo, ila ni mwembamba na anapenda kupanda, kwa hiyo anahitaji kimo cha kizimba zaidi ya boa. Chatu mwingine, Python brongersmai, ni mfupi, mara chache hupita mita mbili, lakini ni mnene na mzito hata mgongo wako utaujua uzito wake. Anayependa tabia ya nyoka wa mahindi na anataka tu mwili mkubwa kidogo aangalie jenasi ya Pituophis, ndugu zake wa karibu: wanapita mita moja na nusu, wanazunguka mchana, na wakiudhika hutoa mlio mkubwa kuliko madhara yao.

Maoni yangu nayasema wazi: kwa wengi, boa dume ndiye mwisho wa safari, na wanaridhika. Chatu wa Burma, chatu wa Afrika, Malayopython reticulatus ambaye ni mrefu kuliko nyoka wote duniani, na anakonda wa kijani, hao si nyoka wa pili. Kwa watu wengi si hata wa tano.

Suala la usalama linahitaji muda mrefu zaidi kuliko ule ambao watu hulitengea. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba boa anapombana panya, kinachomuua haraka ni kukatika kwa mzunguko wa damu, si kukosa pumzi peke yake. Maana yake ni kwamba nyoka akikubana vizuri, muda wa kufikiri ni mfupi sana. Uingereza, mwaka 2017, mfugaji mzoefu aliuawa na chatu wake wa Afrika mwenye urefu wa takriban mita mbili na nusu tu. Ndiyo maana wafugaji makini husema: nyoka akifika urefu huo, asishikwe na mtu aliye peke yake, na watu waongezeke kadiri anavyorefuka. Huyo mtu wa pili ni nani? Anaishi nawe, au ni rafiki utakayempigia simu huku umeshabanwa? Kama huna jibu, chagua nyoka mdogo zaidi. Kumvisha shingoni kwa ajili ya picha ni mchezo wa kuacha kabisa.

Ajali nyingi huzaliwa na chakula. Chatu wengi wana vitundu vya kuhisi joto kwenye midomo, kitu ambacho nyoka wa mahindi hana, na mkono wenye joto na harufu ya panya haujitofautishi na mlo. Nunua mapema fimbo yenye kulabu na umzoeze: akiguswa nayo polepole kabla ya kushikwa, anajifunza kwamba leo hakuna chakula. Mawindo yatolewe kwa koleo ndefu, yakiwa yameshakufa. Ukiumwa usivute, kwa sababu meno yamepinda kuelekea nyuma na kuvuta kunachana ngozi yako na kumng'oa yeye meno. Akiwa amejizungusha, mfungue kuanzia mkiani.

Hesabu ya chakula pia hubadilika. Panya wadogo wanakuwa panya wakubwa, kisha kwa majitu wanakuwa sungura. Utahitaji friza, na ni bora iwe ya peke yake. Wenzako wa nyumbani waulizwe kabla, maana sungura mzima aliyeganda karibu na mboga amevunja maelewano ya nyumba nyingi. Kwa upande mwingine, hautalisha mara kwa mara kama ulivyozoea. Boa mzima anaweza kula mara moja kwa wiki tatu au nne akawa na afya nzuri, na anayelishwa kila wiki ananenepa hadi kuugua. Kinyesi nacho huja kwa kiasi ambacho karatasi ya jikoni haiwezi kukifuta.

Kizimba kiwe tayari, kimewashwa na kupimwa, kabla mnyama hajafika. Nyoka aweze kujinyoosha ndani yake. Kwa boa, upande wa joto uwe karibu nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi na upande wa baridi karibu 25 hadi 27, na kila kifaa cha joto kiongozwe na thamostati, yaani kidhibiti joto. Zulia la umeme la kupashia joto lililomtosha nyoka wako mdogo usilihamishe tu: mwili mzito ukilalia juu yake, joto linanaswa chini na tumbo linaungua bila nyoka kuondoka. Kwa wakubwa, joto la kutoka juu, lenye wavu wa kuzuia asijizungushe kwenye kifaa, ni salama zaidi. Pima pia mlango wa chumba. Vizimba vya mita mbili hushindwa kuingia, na hilo hugunduliwa siku ya kuvileta.

Kufuli ni lazima, na chumba kizima kichukuliwe kuwa kizimba cha pili. Kanada, mwaka 2013, chatu wa Afrika alitoroka kupitia mfereji wa hewa ndani ya jengo na kuua watoto wawili waliokuwa wamelala. Matundu ya hewa, mapengo ya mabomba na chini ya mlango yazibwe kabla. Kuhusu watoto wadogo na wenye kinga dhaifu, jambo la salmonela, bakteria wa kuharisha ambao nyoka huweza kuwabeba, unalijua tayari. Maji ya kuoshea kizimba na vyombo vyake ni mengi zaidi sasa, basi yasimwagwe kwenye sinki la jikoni.

Sheria usiibahatishe. Aina zote za chatu na boa zimo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, nyingi kwenye Kiambatisho cha II, na nyingine, kama boa wa Madagaska Acrantophis dumerili, kwenye Kiambatisho cha I chenye masharti makali zaidi. Marekani ilipiga marufuku kuingiza chatu wa Burma na aina nyingine kadhaa mwaka 2012, ikaongeza nyingine 2015. Chatu wa Burma waliotoroka au kuachiliwa walikuwa tayari wametapakaa katika Everglades, eneo la vinamasi huko Florida. Australia hairuhusu watu binafsi kufuga nyoka wa kigeni kabisa. Unapoishi huenda panadai kibali, na mwenye nyumba anaweza kuwa na sharti lake. Tafuta pia daktari wa wanyama anayetibu reptilia na umuulize kama anapokea nyoka mwenye kilo 15, kwa sababu wengine hukataa.

Kisha kuna umri. Boa hufikisha miaka 20 na zaidi. Katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, chatu jike wa aina ya Python regius mwenye umri uliopita miaka 60 alitaga mayai mwaka 2020. Jina la atakayemchukua nyoka ukihama au ukiugua liandikwe sasa, kwa ridhaa yake. Hifadhi za reptilia hujaa hasa wale wakubwa.

Ukifika kununua, chukua aliyezalishwa kwa mfugaji, si aliyekamatwa porini akiwa na minyoo na kupe. Omba kumwona akila. Sikiliza pumzi: mlio wa koromeo au mapovu mdomoni ni sababu ya kuondoka mikono mitupu. Tazama utitiri mweusi kuzunguka macho na kwenye chombo cha maji. Mwepuke pia yule anayegeuza kichwa juu chini au kushindwa kujipindua, dalili inayoweza kuwa ya ugonjwa wa virusi usio na tiba unaowapata boa na chatu. Nyumbani mweke karantini kwa angalau miezi mitatu katika chumba tofauti, kwa vifaa vyake mwenyewe, na kila siku anza kumhudumia nyoka wa zamani kabla ya huyu mpya.