Mkia wa pingili: kuufunga, kuujaza na kuuvaa

Mkia wa pingili ni mkia wa nywele uliogawanywa kwa raba ndogo kuanzia shinani hadi karibu na ncha, kila kipande kikiwa kimetuna kama povu. Kwa mbali unafanana na mwanzi: fundo, pingili, fundo, pingili. Wengi wanaoujaribu mara ya kwanza hukaza kila kitu, wakaishia na kamba yenye vifundo. Mtindo huu unategemea ulegevu. Shina ndilo linaloshika. Pingili zinatakiwa zipumue.

Andaa raba moja nene iliyovikwa kitambaa, isiyo na kipande cha chuma, kwa ajili ya shina. Chuma hunasa nywele na kuzikata palepale zinapovutwa zaidi. Kisha raba ndogo laini, moja kwa kila pingili, na mbili tatu za akiba kwa sababu hukatika. Ongeza kitana chenye mkia mrefu, brashi laini, machupio mawili na jeli kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Jeli ni ya kichwani tu. Ikifika kwenye mkia itagandisha nywele, na nywele zilizoganda hazitunishiki.

Mafuta nayo usiyapake kwenye mkia kabla ya kufunga. Mafuta huilegeza raba ya kawaida na kuidhoofisha, ndiyo maana wengine hupoteza fundo moja baada ya jingine kabla jua halijazama.

Nywele ziwe kavu kabisa. Nywele mbichi huvutika kupita kiasi na kukatika kwa urahisi, na zile za kipilipili hujikunja zinapokauka, hivyo shina lililokuwa sawa asubuhi linakuja kubana mchana. Kama nywele zako ni za kipilipili, zinyooshe kwanza: zifunge kwa uzi usiku kucha, au uzikaushe kwa draya yenye moto wa wastani huku ukizichana kuanzia nchani. Hazihitaji kunyooka kama sindano, zipate urefu tu. Nywele laini zilizooshwa siku hiyohiyo huteleza kwenye raba; za siku moja au mbili baada ya kuoshwa hushika vizuri zaidi.

Shina

Amua mahali kwanza. Kwa mkia wa juu, pitisha kidole kutoka kidevuni, juu ya mfupa wa shavu, hadi utosini. Panapoishia mstari huo ndipo shina likae. Mkia wa katikati hukaa usawa wa masikio, wa chini hukaa ukosini. Wa juu huonyesha pingili zikining'inia, lakini ndio unaochosha ngozi ya kichwa kuliko yote. Kwa nywele nzito au zilizoongezwa rasta, wa katikati ni chaguo la busara.

Paka jeli kuzunguka kichwa, piga brashi kuelekea shinani, kisha inua kidevu juu kabla ya kufunga. Ukifunga huku umeinama, nywele za kisogoni zitalegea na kufanya mfuko mara tu utakapoinua kichwa. Nywele zikiwa nyingi, funga kwa awamu mbili: nusu ya juu peke yake, halafu nusu ya chini ikusanywe na kuunganishwa nayo kwa raba nyingine. Uzito unagawanyika, na shina haliteremki.

Jaribu kuinua nyusi na kugeuza shingo pande zote mbili. Kama ngozi ya paji inavutika au kuna maumivu, fungua na ulegeze. Raba haitajirekebisha yenyewe.

Ili kuificha raba ya shina, chomoa shungi lenye unene wa kidole kimoja kutoka upande wa chini wa mkia, lizungushe, kisha bana ncha yake kwa chupio lililoingizwa kutokea chini. Upande wa chupio wenye mawimbi uelekee kichwani, ndio unaong'ang'ania.

Pingili

Pima mkia kabla ya kugawa. Tuseme una sentimita 45. Acha 9 za mwisho ziwe ncha huru, zinabaki 36. Ukigawa sawasawa unapata pingili sita za sentimita 6, lakini mkia hupungua unene kadiri unavyoshuka, na pingili ndefu kwenye nywele chache huonekana legelege. Ni bora kupunguza taratibu: 7, 7, 6, 6, 5, 5. Asiye na rula atumie vidole: vinne vilivyobanana karibu na shina, vitatu kuelekea ncha. Ukiona pingili ni ndefu sana kuliko upana wake, fundo liko mbali mno.

Zungusha raba ndogo mara tatu au nne hadi ishike bila kuteleza. Sasa isukume juu, kuelekea shinani, kama sentimita moja. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo inayoleta ulegevu wa kutunisha. Shika fundo kwa mkono mmoja, na kwa vidole viwili vya mkono mwingine vuta mashungi membamba kutoka katikati ya pingili, kidogo kidogo, mbele, nyuma na pembeni. Wengine huvuta pande mbili tu, na pingili zao huwa bapa mtu anapogeuka. Ukivuta bila kusukuma fundo kwanza, nywele fupi huchomoka na kusimama kama miiba.

Maliza pingili moja kabla ya kwenda nyingine. Ukifunga raba zote kwanza halafu uanze kutunisha, vipimo vyako vitavurugika, maana kila pingili inayojaa hupunguza urefu wa mkia.

Nywele chache? Kabla ya kufunga fundo linalofuata, chana kinyume, kutoka chini kwenda juu, mara mbili au tatu kwenye nywele za ndani, ukiacha za juu zilale juu yake. Nywele zilizokatwa ngazi zinahitaji mafundo ya karibu zaidi, kila sentimita 4 hivi, ili ncha fupi zishikwe kabla hazijatoroka. Ukiongeza rasta, ikunje katikati, ipitishe kuzunguka shina na uifunge kwa raba. Anza na nusu pakiti. Rasta huteleza, kwa hiyo ongeza mzunguko mmoja wa raba kwenye kila fundo. Ichambue ncha zake zipishane urefu kabla ya kuifunga; mkia wenye ncha zilizokatika mstari mmoja unaonekana kama ufagio.

Mapambo

Mapambo hukaa kwenye fundo. Pete za nywele, riboni nyembamba, shanga kubwa au uzi wa rangi, vyote vinafaa, ila usivirundike vyote kwa pamoja. Ukipenda riboni inayopishana, kwa mkia wa sentimita 45 chukua mita 1.5, funga katikati yake shinani, kisha pishanisha ncha mbili mbele ya kila fundo na uzifunge upinde kwenye fundo la mwisho. Isikazwe juu ya pingili, itazibonyeza.

Kuuvaa na kuufungua

Kola ndefu na mkanda wa begi husugua mkia wa chini na kuchomoa nywele. Vaa nguo ya kupitia kichwani kabla ya kusuka. Hereni ndefu zinapendeza na mkia wa juu. Ukitaka kuegemea kiti, lete mkia mbele ya bega.

Usiulalie. Ufungue jioni hiyohiyo, na usirudie shina palepale kila siku. Vipele vidogo, maumivu au nywele kukatika pembezoni mwa paji ni dalili kwamba ngozi inavutwa; mvuto wa muda mrefu unaweza kuua mizizi ya nywele moja kwa moja. Watoto wafungwe kwa ulegevu zaidi, bila rasta nzito.

Anza kufungua kutoka nchani. Raba ndogo usizivute: tia tone la mafuta, yanayoharibu raba sasa ni msaada wako, kisha pitisha ncha ya mkasi mdogo chini ya raba na ukate kuelekea nje. Chana kwa vidole kabla ya kitana, hasa pale ulipochana kinyume.