Miwani inayobadilika rangi juani: jinsi ya kuichagua na kuivaa kwenye joto letu

Hii miwani ambayo ndani iko nyeupe, ukitoka nje inakuwa nyeusi, watu wanaiulizia sana, wengine wanaona ni mbwembwe, wengine wanaamini inatibu kila kitu. Kwangu mimi ni miwani nzuri mno kwa mtu ambaye siku yake ni ya kuingia na kutoka, na kwa mtu wa gari kutwa nzima sio chaguo la kwanza kabisa. Na kwenye joto letu la pwani inabidi uelewe inavyofanya kazi kabla hujatoa hela, maana kuna watu wanairudisha dukani wanalalamika wameuziwa feki kumbe lenzi ni nzima.

Dukani jina lake ni fotokromiki. Wengi wanasema transitions hata kama lenzi sio ya kampuni ya Transitions, na fundi wa zamani anaweza kukutajia PGX, hizo zilikuwa za kioo kabisa. Ziligunduliwa kwenye kampuni ya Corning kule Marekani miaka ya 1960, na wanasayansi William Armistead na Donald Stookey, ambao waliweka chembe ndogo sana za chumvi za madini ya fedha ndani ya kioo, jamii ile ile ya chumvi iliyokuwa kwenye filamu za kamera. Zilikuwa nzito puani, na kama namba yako ni kubwa giza lilikuwa halilingani, sehemu nene ya kioo inakuwa nyeusi kuliko sehemu nyembamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Transitions wakaleta za plastiki zikashika soko, na hizi ndo utakazouziwa leo karibu kila duka. Za plastiki hazina madini ya fedha, zina rangi maalum ambayo molekuli zake zimejikunja, mionzi ya UV ya jua ikizigonga zinafunguka na kuanza kuzuia mwanga, UV ikiondoka zinajikunja tena lenzi inarudi nyeupe.

Sasa shika mambo mawili tu hapo, mengine yote yanatoka humo. Kinachoifanya iwe nyeusi ni UV, sio mwanga unaouona kwa macho. Na kinachoirudisha kuwa nyeupe ni joto.

Hili la joto ndo linalowachanganya watu wa Dar, Tanga, Mombasa, Unguja. Ukiwa juani joto linazirudisha zile molekuli kujikunja huku UV inazifungua, kwahiyo vinavutana, na kadri joto linavyozidi ndivyo giza linavyopungua. Giza la lenzi unalosoma kwenye karatasi ya kampuni kwa kawaida limepimwa kwenye nyuzi 23, asa wewe uko Kariakoo saa saba mchana nyuzi 32 na lami inachemka, huwezi kupata giza lile la kwenye karatasi. Lenzi hiyo hiyo ipeleke Njombe mwezi wa saba au Limuru asubuhi ya baridi itakuwa nyeusi tii na itachelewa kurudi nyeupe ukiingia ndani. Kwahiyo mtu wa Iringa akikusifia miwani yake usidhani ukiinunua wewe wa Mtwara utapata giza lile lile. Kama unaishi pwani, uliza kama wana aina iliyotengenezwa kuwa nyeusi zaidi, zipo, ila nyingi zinabaki na kivuli kidogo hata ukiwa ndani, na kwa mtu wa jua letu mimi naona hicho kivuli kinavumilika.

La UV nalo lina mambo yake. Kioo cha mbele cha gari kina tabaka la plastiki katikati ambalo linazuia karibu UV yote, ndo maana ukiwa unaendesha miwani inabaki karibu nyeupe hata jua likiwa usoni kwako. Haijaharibika. Dereva wa daladala, wa basi la mkoani, wa lori la kwenda Tunduma, huyo namshauri atengeneze miwani ya jua yenye namba yake, na akiweza iwe polaraidi, kwasababu polaraidi, lenzi yenye kichujio maalum cha mwanga, inakata ule mng'ao unaoruka kutoka kwenye lami na maboneti ya magari, kazi ambayo fotokromiki ya kawaida haifanyi kabisa. Kuna fotokromiki zinazobadilika hata ndani ya gari kwasababu zinasikia pia mwanga wa kawaida, lakini bei yake inapanda na giza lake ndani ya gari ni la kati tu. Bodaboda pia, ukishusha kioo cha helmeti kile cha plastiki kinazuia UV nyingi, miwani haitakuwa nyeusi kama ulivyotegemea. Mvuvi na mtu wa boti naye aende na polaraidi, maji yanaumiza macho vibaya.

Upande mwingine kuna siku ya mawingu unaona miwani imekuwa nyeusi unashangaa jua liko wapi. UV inapenya mawingu. Na huku kwetu karibu na ikweta kipimo cha UV saa za mchana mara nyingi kinapita 11, ambacho Shirika la Afya Duniani linakiita kikali kupindukia, na ukipanda juu kila mita 1,000 UV inaongezeka kama asilimia 10, kwahiyo baridi ya Arusha au Nairobi isikudanganye. Mchanga wa ufukweni nao unarudisha kama asilimia 15 ya UV usoni kwako. Mimi hapa ndo naona umuhimu mkubwa wa hizi lenzi. Lenzi nzuri ya fotokromiki inazuia UV hata ikiwa nyeupe, na macho yanayopigwa na UV miaka na miaka yako kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata mtoto wa jicho na ile nyama inayoota kutoka kwenye weupe wa jicho kuja kwenye mboni, nenda kijiji chochote cha wavuvi au wakulima utawaona watu wazima wenye hiyo nyama. Hayo hayaji kwa siku moja, na mtu anayevaa miwani ya namba kutwa nzima anapata kinga bila kukumbuka kubadilisha miwani.

Haya, umeamua. Cha kwanza ni kupima macho, na upime kwa mtu aliyesomea, sio kuvaa vaa miwani ya mezani mpaka upate inayosomeka. Hospitali kama CCBRT Dar, KCMC Moshi au Kikuyu kwa walio Kenya wana kliniki za macho, na maduka mengi makubwa yana mtaalamu ndani. Kama una presha, sukari, au ukoo wenu una watu wa glakoma, ule ugonjwa unaoharibu mshipa wa jicho kimya kimya, omba waangalie na nyuma ya jicho humo humo. Chukua karatasi ya namba zako uondoke nayo, ni haki yako, na itakusaidia kuulizia bei duka la pili na la tatu.

Dukani uliza bei ya lenzi peke yake na fremu peke yake, ukitajiwa jumla tu huwezi kujua umelipia nini. Alafu uliza lenzi ni ya nini. Plastiki ya kawaida inatosha kwa namba ndogo. Polikaboneti ni plastiki nyepesi na haipasuki kirahisi, kwa mtoto wa shule na kwa mtu wa kazi za mikono mimi nasema chukua hiyo bila kubishana, ila inachubuka upesi, lazima iwe na kotingi ngumu, yaani tabaka la juu la kuzuia michubuko. Kama namba yako ni kubwa, uliza lenzi nyembamba, fotokromiki zinapatikana humo pia, na zinapatikana kwenye bifokali (lenzi moja yenye namba mbili, ya mbali na ya kusomea) na progresivu (namba inabadilika taratibu bila mstari) kwa waliofika umri wa kusomea. Ongeza kotingi ya kuzuia mng'ao ukiweza, usiku taa za magari hazikutawanyikii na kwenye picha macho yako yanaonekana badala ya taa za ukumbi.

Kupima kama ni fotokromiki kweli ni rahisi. Muuzaji atakumulikia na katochi kake ka UV, lenzi itabadilika kweli, lakini hiyo inakuonyesha tu kwamba inabadilika, haikuonyeshi itakuwa nyeusi kiasi gani mtaani. Omba kutoka nayo nje. Ziba nusu ya lenzi kwa kidole au kipande cha karatasi, iache juani kama dakika moja, ondoa kidole uangalie tofauti ya pale palipozibwa na palipoachwa. Tofauti iwe ya wazi kabisa, na rangi isambae sawa bila mabaka. Kisha angalia lenzi ya kulia na ya kushoto kama zimekuwa nyeusi sawasawa, hili watu wanalisahau, na fundi akikuwekea lenzi moja ya kampuni hii na nyingine ya kampuni ile utatembea na macho mawili ya rangi tofauti. Kama mvua inanyesha, tafuta ile taa ya kukagulia noti bandia kwa wakala wa fedha wa jirani, ile inatoa UV, weka lenzi chini yake utaona. Muuzaji anayekataa usitoke nje na miwani ambayo utaenda kuivaa nje, mimi simpi hela yangu.

Ukitoka juani inachukua kama nusu dakika hadi dakika kuwa nyeusi vizuri, kurudi nyeupe inachukua dakika kadhaa, na hizo dakika kadhaa ndo zinahitaji akili kidogo. Ukiingia benki au ofisini bado una miwani nyeusi na mtu hajui kama ni ya namba. Ukifika kwa wakwe au kwa mzee yeyote, vua, msalimie, shikamoo ya miwani nyeusi watu wazima wengi wanaiona ni dharau na wako sahihi kutaka kuona macho ya mtu anayewasalimia. Msibani vivyo hivyo. Mtoto wa shule mwambie mwalimu wake mapema kwamba akitoka mapumziko dakika za kwanza ubao utakuwa na giza, akae karibu, asionekane mzembe. Siku ya harusi kama picha zinapigwa nje bustanini na wewe ni bibi harusi au bwana harusi, uwe na miwani nyeupe ya kawaida ya siku hiyo, au ukae kivulini mpaka mpiga picha awe tayari, vinginevyo albamu nzima utaonekana mlinzi wa kiongozi.

Kwenye muonekano, rangi za lenzi unazopata kwa urahisi ni kijivu na kahawia, kijani pia ipo. Kijivu haibadilishi rangi za vitu, kwahiyo fundi umeme, fundi cherehani, muuza vitenge, mchoraji, wachukue kijivu. Kahawia inafanya vitu vionekane vimekolea na kwenye ngozi zetu inakaa vizuri mno, hasa na fremu ya kahawia yenye madoa doa au ya dhahabu nyembamba. Fremu nyeusi na ya fedha nenda na kijivu. Kijani nayo na fremu ya dhahabu inapendeza, ina ule mtindo wa miwani ya marubani wa zamani. Wazo langu kubwa kwenye fremu ni hili, chagua fremu inayokupendeza lenzi ikiwa nyeupe NA ikiwa nyeusi, maana unanunua sura mbili kwa pamoja. Fremu kubwa nene ya plastiki inayokufaa ofisini ikiingia giza inaweza kuumeza uso wako wote, na fremu isiyo na ukingo inayopendeza ndani inakuwa kama vipande viwili vyeusi vinaelea. Jipige selfi mbili, moja ndani ya duka, moja mlangoni baada ya dakika moja, mtumie mtu anayekwambia ukweli. Angalia na upana, fremu isiyofunika pembeni jua linaingia kwa ubavuni, fremu iliyokaa karibu na uso inakinga zaidi hata kama lenzi ni ile ile.

Matunzo hayana siri nyingi. Osha kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, kausha kwa kile kitambaa chake. Usifute kavu kwa pindo la khanga au shati, vumbi letu lina mchanga na mchanga unachora lenzi. Usiiache kwenye dashibodi, joto la gari lililofungwa juani linapasua kotingi vistari vistari na hapo hakuna cha kurekebisha. Ukiwa ufukweni suuza chumvi kwa maji baridi kabla ya kufuta.

Zile rangi zinachoka. Baada ya miaka miwili mitatu hivi ya kuvaliwa kila siku utaona ukitoka nje haifiki giza la zamani, au ukiwa ndani imebaki na unjano unjano hairudi nyeupe kabisa. Huna haja ya kununua kila kitu upya kama fremu bado nzima na bawaba hazijalegea, pima macho tena kwanza kwasababu namba nayo inaweza kuwa imehama, alafu badilisha lenzi tu kwenye fremu yako ile ile, zote mbili kwa wakati mmoja ili giza lilingane. Fundi anaweza kukaa na fremu siku kadhaa kama lenzi inaagizwa, kwahiyo miwani yako ya zamani kabla ya hii usiitupe.